Mpira mfupi na mguu wa nyuma: jibu kwa mpigaji wa kriketi

Swali: Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Wete, na sasa nasoma chuo hapa mjini Unguja. Kriketi nilijifunza pwani kwa mpira wa tenisi, na huko nilikuwa nikisifiwa. Mwaka huu nimejiunga na wenzangu wanaocheza kwa mpira mgumu juu ya mkeka uliotandikwa kwenye saruji, na kila nikirushiwa mpira mfupi, ule unaodunda mbali nami kisha ukanipandia, ama nadakwa nyuma ya wiketi, yaani vile vijiti vitatu ninavyovilinda, ama unanipiga vidoleni. Anayetufundisha ananiambia nirudi nyuma. Narudi, lakini mambo ni yale yale, na wenzangu wanasema ni woga. Je, kucheza kwa mguu wa nyuma kunafundishika, au ni moyo tu? Na kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kimevimba tangu juzi, niendelee kucheza?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na lile linalokukera zaidi. Kucheza kwa mguu wa nyuma kunafundishika, tena kwa hatua ambazo mtu anaweza kuzipima kwa chaki na rula, na sehemu ya moyo ndani yake ni ndogo kuliko wanavyodhani wenzako.

Katika maelezo yako yote, kilichonieleza mengi zaidi ni hicho kidole. Mpigaji wa mkono wa kulia huishika beti (nakusudia ile ya mti, si zile za shairi) kwa mkono wa kushoto juu, karibu na ncha ya mpini, na wa kulia chini, karibu na ubao wa kupigia. Mpira unaopanda ukikigonga kidole cha mkono wa chini, mara nyingi maana yake ni kwamba mkono huo ndio uliokuwa ukiongoza kazi: ulikaza, ukaisukuma beti mbele ya mwili kuufuata mpira, na mpira ukaendelea kupanda juu ya ubao mpaka ukafika kwenye mpini. Kudakwa nyuma ya wiketi ni maradhi hayo hayo kwa dalili nyingine, kwa sababu beti iliyokwenda kuutafuta mpira mbali na mwili huugusa kwa ukingo wake, si kwa uso wake. Nakuamini unaposema kwamba unarudi. Ninachoshuku ni kwamba kinachorudi ni mwili mzima, kichwa na mabega pamoja, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mbwa amesimama kizingitini. Mguu unatakiwa urudi. Kichwa kinatakiwa kibaki mbele, juu ya vidole vya mguu huo uliorudi. Mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Kwanza, tuitendee haki pwani uliyojifunzia. Maji yakipwa, mchanga wenye unyevunyevu ni uwanja mzuri sana wa mtoto, lakini una tabia zake. Mpira wa tenisi juu ya mchanga huo ama huteleza chini chini ama hufa pale pale unapoanguka, na kwa hiyo mpigaji wa pwani hujifunza kitu kimoja tu, nacho ni kupeleka mguu mbele, kuinama na kupiga kwa nguvu za mkono wa chini. Kwa pale, hiyo ndiyo akili. Mpira mgumu una uzito wa gramu 156 hadi 163, ngozi yake ina mshono uliosimama kama ukingo wa ukili, na ukianguka juu ya mkeka hushikwa na nyuzi, hupinda, kisha hupanda. Mpira ambao juu ya nyasi ungekufikia pajani, juu ya mkeka uliolazwa kwenye saruji unaweza kukufikia kiunoni au mbavuni. Ndiyo maana wachezaji waliokulia kwenye mikeka duniani kote hutegemea zaidi mguu wa nyuma, nawe unalazimika kuuhamisha mchezo wako kutoka mbele kwenda nyuma wakati mazoea yako yote yanakuvuta upande mwingine.

Niseme neno kidogo kuhusu mkeka wenyewe, kwa kuwa hapa kwetu hatuna haki ya kuuona mgeni. Mikeka ya kriketi ya asili hufumwa kwa usumba, yaani nyuzi zile zile ambazo akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja huzipata kwa kuyafukia makumbi ufukweni kwa miezi, kisha kuyafukua, kuyaponda na kuyasokota kuwa kamba. Anayejua jinsi kamba ya usumba inavyokwaruza kiganja hahitaji kuelezwa kwa nini mpira unashikwa. Mwaka 1956, mjini Karachi, timu ya Australia iliyozoea viwanja vya nyasi ilicheza na Pakistan juu ya mkeka na ikatolewa yote kwa mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 80 katika zamu yake ya kwanza. Mrushaji Fazal Mahmood peke yake alichukua wiketi 13, yaani aliwatoa wapigaji mara 13, katika mechi hiyo, naye hakuwa mrushaji wa kasi ya kutisha. Basi usione aibu. Ila kabla ya kila zoezi hakikisheni mkeka wenu umevutwa ukakaza na kupigiliwa sawasawa pembeni, maana mkeka uliolegea hauna adili: mpira mmoja unaruka, wa pili unalala, na hakuna mbinu ya kumsaidia mpigaji hapo.

Sasa tuje kwenye vipimo, kwa sababu nataka uelewe ni kitu gani unachokinunua unaporudi nyuma. Kutoka vijiti vya upande mmoja hadi vya upande wa pili ni mita 20.12. Mbele ya vijiti vyako, umbali wa mita 1.22, kuna mstari wa mpigaji. Eneo hilo kati ya mstari na vijiti ni chumba chako, na wapigaji wengi wanaoanza hukaa mlangoni tu, hawaingii ndani. Mrushaji wa kasi ya wastani, tuseme kilomita 110 kwa saa, huurusha mpira mita 30 na ushei kwa sekunde, na mpira huo hukufikia baada ya muda unaozidi nusu sekunde kwa kidogo tu. Ukipeleka mguu mbele sentimita 80, unakutana na mpira mapema. Ukirudi chumbani sentimita 60, unakutana nao baadaye. Tofauti ya mahali hapo pawili ni mita 1.4, na kwa kasi hiyo ni kama sehemu moja ya kumi na mbili ya muda wote uliopewa, tena zaidi kidogo, kwa kuwa mpira ukishadunda hupunguza mwendo. Inaonekana ni ndogo. Lakini nyongeza hiyo yote inaingia baada ya mpira kudunda, wakati ambapo umeshaonyesha unapanda kiasi gani na unapinda kwenda wapi, na huo ndio wakati wa thamani kuliko wote. Anayerudi nyuma ananunua muda wa kutazama.

Muda huo hauna faida ukichelewa kuamua, na hapa ndipo ninapoamini wengi wanakosea kabla hata mguu haujanyanyuka. Mpira mfupi na mpira mrefu hutofautiana tangu mkononi mwa mrushaji. Mpira mrefu, ule unaodunda karibu na miguu yako, huachiwa mapema kidogo, na kwa kitambo kifupi huonekana kupita juu ya usawa wa macho yako kabla ya kushuka. Mpira mfupi huachiwa baadaye, mkono ukiwa tayari unashuka, na tangu mwanzo unauona ukielekea chini. Mkodolee macho mrushaji mkononi, si usoni wala miguuni, na jizoeze kutamka moyoni neno moja tu, «mbele» au «nyuma», mara mpira unapotoka. Katika mazoezi mimi huwataka vijana walitamke kwa sauti bila kupiga kabisa, wakiwa wamesimama tu na beti mkononi, mipira ishirini au thelathini. Zoezi hilo huwachosha kwa uchoshi, si kwa jasho, na ndiyo sababu wengi hulikimbia. Lakini sijaona jingine linalofupisha safari kama hilo.

Baada ya jicho kuja mguu. Simama kama kawaida, ubavu wa kushoto ukimwelekea mrushaji, uzito umegawika sawa kwenye nyayo za mbele za miguu yote miwili, visigino vikigusa chini kwa wepesi tu. Nitauita upande unaoelekewa na kifua chako upande wa kifua, ambao wachezaji huuita ofu, na ule wa pili upande wa mgongo, ambao huuita legi. Kinachosahaulika ni kwamba huwezi kurudi nyuma bila kusukuma kwa mguu wa mbele. Ukianza uzito ukiwa tayari umelala mguu wa kulia, mguu huo umeshapigiliwa misumari, hauendi popote, na utabaki ukiegemea mgongo tu. Kwa hiyo mpira unapoachiwa, vidole vya mguu wa kushoto vinasukuma ardhi, na mguu wa kulia unaondoka kwa mwendo wa mshazari: nyuma kuelekea vijiti, na wakati huo huo kidogo upande wa kifua, mpaka jicho lako liwe limesimama sambamba na njia ya mpira. Mguu unatua ukiwa umelala sambamba na mstari, vidole vikitazama upande wa kifua, visitazame kwa mrushaji. Unatua kwa wayo wa mbele, goti limekunjika kidogo. Kisha mguu wa kushoto unafuata taratibu, unakuja karibu na mwenziwe na kugusa chini kwa ncha za vidole, kama mlingoti mdogo unaosaidia tu mkubwa kusimama.

Vidole hivyo vya mguu wa kulia vitazame vizuri, kwa sababu ndivyo vinavyosema ukweli. Vikimwelekea mrushaji, nyonga imefunguka, bega la kushoto limezunguka, na beti haiwezi tena kushuka wima. Itakuja kwa kupinda kutoka upande wa kifua na mpira utagusa ukingo. Ukitaka kujua mwenyewe, simama sasa hivi hapo ulipo na ufanye hatua hiyo mara mbili, mara ya kwanza vidole vikiwa sambamba na mstari, mara ya pili vikielekea mbele, huku umeshika ufagio badala ya beti. Utaona mara ya pili kiwiko cha kushoto kinakataa kupanda.

Kiwiko hicho ndicho bawaba ya mikono. Katika kuzuia mpira kwa mguu wa nyuma, kiwiko cha kushoto kinapanda juu na kumwelekea mrushaji, mkono wa kushoto unaishika beti kwa uthabiti, na mkono wa kulia unalegea mpaka ubaki umeshika kwa kidole gumba na vidole viwili tu, kama mtu anavyoshika kikombe cha kahawa cha moto. Uso wa beti unabaki wima, na mpini unatangulia ubao kidogo ili mpira uelekezwe chini. Mpira unapigwa ukiwa umefika chini ya macho yako, si mbele yake. Hapo ndipo panapoponyesha kidole chako: mkono wa chini uliolegea, na mpira uliosubiriwa badala ya kufuatwa. Mpira unaopanda ukiigusa beti iliyoshikwa kilegevu huanguka karibu na miguu yako. Ukiigusa beti iliyokazwa huruka kwa mdakaji.

Sasa nirudi kwenye woga, kwa kuwa wenzako wamekupa jina hilo na huenda limeanza kukukaa moyoni. Woga upo, na kwa mpira mzito kama jiwe unaokujia mbavuni ni jambo la akili kuwa nao. Unapodhuru ni pale unapouvuta mguu wa kulia kwenda upande wa mgongo, mbali na njia ya mpira, jambo linalomwacha mpigaji akinyoosha mikono kuutafuta mpira uliokwisha kuwa mbali naye. Kosa hilo lilimpata mtu ambaye hutamlinganisha na woga. Ranjitsinhji, mpigaji aliyekuja baadaye kuwa mtawala wa Nawanagar, katika eneo la Kathiawar huko India ambako baadhi ya familia za Kihindi za Mji Mkongwe zina asili yao, alipokuwa kijana wa chuo huko Cambridge alikuwa na tabia hiyo hiyo ya mguu wa kulia kukimbia. Inasimuliwa kwamba aliyemfundisha aliufunga mguu huo chini wakati wa mazoezi. Mguu wa nyuma ukiwa hauondoki, naye akitaka kuuepusha mwili na mpira, alianza kuupitisha mguu wa kushoto upande wa kifua na kuugeuza mpira kwa viganja kwenda nyuma upande wa mgongo, na hapo ndipo lilipokomaa pigo lake mashuhuri, ambalo mimi huwaambia vijana waliite la kusindikiza, kwa sababu mpira haupigwi, unaonyeshwa njia tu. Mwaka 1896 aliichezea Uingereza kwa mara ya kwanza mjini Manchester na akafikisha mikimbio 154 bila kutolewa. Sikushauri ufungwe mguu. Lakini tandika kiatu au begi nyuma ya kisigino chako cha kulia, upande wa mgongo, na ukikikanyaga utakuwa umejishika mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Ukishaweza kuzuia, mapigo mengine yanakuja karibu bure, kwa sharti usiyakimbilie. Pigo la kusukuma kwa mguu wa nyuma ni kule kule kuzuia, ila mikono inaendelea mbele kidogo baada ya kugusa mpira na kusimama. Halihitaji nguvu, linahitaji wakati sahihi, na mpira hupita katikati ya wadakaji wa mbele upande wa kifua. Sachin Tendulkar wa India, mtu mfupi, alilitumia pigo hilo kwa miaka zaidi ya 20 dhidi ya warushaji warefu kuliko yeye kwa mbali, na aliyewahi kulitazama alishangaa jinsi beti ilivyosafiri kidogo. Kwako wewe ningetaka liwe pigo la kwanza la kupatia mikimbio, kwa kuwa halikulazimishi kubadili chochote katika ulinzi wako.

Pigo la kukata linahitaji tahadhari zaidi, na nashuku ndilo linalokufanya udakwe. Linapigwa kwa beti iliyolala, sambamba na ardhi, dhidi ya mpira mfupi uliokwenda mbali upande wa kifua. Neno zito hapo ni «mbali». Mpira ulio karibu na mwili wako haukatwi, hata uwe mfupi kiasi gani, kwa sababu mikono haina nafasi ya kunyooka, na mkono usionyooka huleta ukingo wa beti. Mguu wa kulia unarudi na kuvuka zaidi kuliko katika kuzuia, bega la kushoto linageuka kuelekea mpira, beti inaanzia juu ya usawa wa mpira na kushuka, na viganja vinajigeuza baada ya kupiga ili mpira ubaki chini. Anayeanzia beti chini na kuipandisha ataupiga mpira juu moja kwa moja kwenye mikono ya mdakaji. Kwa wiki nne za mwanzo usikate kabisa mpira ambao haupo walau urefu wa mkono wako kutoka kiunoni. Uache upite, na usimjali anayecheka.

Pigo la kuvuta ni la mpira mfupi unaokuja mwilini, kati ya kiuno na kifua. Mguu wa kulia unarudi moja kwa moja, wa kushoto unafunguka kuelekea upande wa mgongo ili kifua kimtazame mrushaji, mikono inanyooka mbele, na mpira unapigwa mbele ya mwili kwenda upande wa mgongo, kichwa kikiwa kimetulia. Hilo ndilo pigo pekee la mguu wa nyuma ambalo uzito wa mpira wa tenisi hukufundisha vibaya, kwa kuwa mpira mwepesi husamehe kichwa kinachokwenda pembeni na mpira mgumu hausamehi. Ama mpira unaopita juu ya bega, huo kwa sasa si wako. Inama kwa kukunja magoti, ukiendelea kuutazama, na teremsha mikono yako chini isibaki juu kama mkonga wa tembo. Usigeuze uso. Wengi waliogongwa kichwani walikuwa wameacha kuutazama mpira.

Kuna mahali ambapo ushauri wa «rudi nyuma» unageuka sumu, na aliyekuambia maneno hayo mawili bila kuyaeleza amekupunja. Mpira usio mfupi, ule unaodunda mahali pa kati na kukaa chini, ukirudi nyuma kuupokea utakukuta mguu wako ukiwa mbele ya vijiti, na ampaya, yaani mwamuzi, atanyanyua kidole kukutoa kwa kuuzuia kwa mguu mpira unaoelekea vijitini. Vijiti vina kimo cha sentimita 71 tu. Mpira mfupi wa kweli juu ya mkeka hupita juu yake, kwa hiyo hauwezi kukutoa kwa mguu. Ule wa kati unaweza. Ndiyo maana nilianza na macho. Kisha kuna vijiti vyenyewe nyuma yako: ukirudi ndani mno na kuvigusa kwa beti au kwa mguu wakati wa kupiga, umejitoa mwenyewe. Sentimita 60 kutoka mahali unaposimamia zinatosha, ukiwa unasimama karibu na mstari.

Kwa mrushaji wa polepole anayezungusha mpira kwa vidole au kiganja, kanuni ni ile ile, lakini inadai uamuzi mkali zaidi. Juu ya usumba mpira wake unapinda sana. Ama uende mbele mpaka uukute pale unapodunda kabla haujapinda, ama urudi ndani kabisa uusome baada ya kupinda. Anayesimama katikati, nusu mbele na nusu nyuma, huwa amechagua mahali ambapo upinde ni mkubwa na muda ni mdogo.

Sasa mazoezi, nami nitakupa yale usiyohitaji neti wala mtu wa pili. Chukua soksi ndefu, tia mpira ndani, uning'inize kwenye tawi la mwembe au boriti ya baraza kwa kimo cha kiuno chako. Chora kwa chaki mstari wa mpigaji, na nyuma yake, sentimita 60 kutoka kwenye kisigino chako cha kulia na kidogo upande wa kifua, weka kifuu kimoja kilichofunikwa. Kila hatua yako ya kurudi itue kando ya kifuu hicho bila kukitazama. Piga mpira kwa pigo la kuzuia tu. Ukirudi kwako kwa njia ile ile iliyouendea, uso wa beti ulikuwa umenyooka. Ukianza kuzunguka duara, uso ulipinda, na soksi haitakudanganya wala kukupendelea. Mara mia kwa jioni si nyingi.

Zoezi la pili ni la kuharakisha jicho. Lowesha sakafu ya saruji na mpira wa tenisi, na umwombe mtu akurushie kutoka mita 10 hadi 12, kutoka juu, adundishe fupi. Mpira uliolowa juu ya saruji iliyolowa hukimbia kwa kasi baada ya kudunda, nao hauumizi, kwa hiyo unajifunza kuamua haraka bila kidole kulipia. Usiwe na mtu, tumia ukuta. Don Bradman wa Australia, ambaye wastani wake wa mikimbio 99.94 katika mechi za mataifa haujafikiwa na mpigaji yeyote aliyecheza kwa miaka mingi, alipokuwa mtoto huko Bowral alijizoeza peke yake kwa kuupiga mpira wa gofu dhidi ya msingi wa tangi la maji nyuma ya nyumba, akiupokea unaporudi kwa kijiti cha wiketi badala ya beti. Kijiti ni chembamba kuliko hata mpini wa mchi, na mpira wa gofu uliogonga ukuta wa mviringo hurudi kwa njia usiyoitarajia. Wewe anza na beti.

Baada ya wiki tatu au nne za hayo, na hapo tu, rudi kwenye mpira mgumu na mkeka, ukimwomba mrushaji wa kasi ndogo akurushie fupi kwa makusudi, mipira kumi na miwili, upumzike, kisha kumi na miwili mingine. Mpira wa kumi na tatu na kuendelea mguu huanza kuchoka na kichwa kuegemea nyuma tena, na kosa unalolirudia ukiwa umechoka linakaa kuliko lile ulilolisahihisha ukiwa mzima.

Ama kidole, hapana, usiendelee. Jaribu kukikunja mpaka kiguse kiganja na kukinyoosha kabisa. Ukishindwa kimojawapo, au kikiwa kimepinda, au maumivu yamekaa kwenye nukta moja ya mfupa unapoibonyeza, nenda hospitali kesho asubuhi ukapigwe picha, kwa sababu ufa mdogo wa kiungo ukiachwa unaweza kuacha kidole kigumu maisha. Kama kinakunjika na kunyooka na ni uvimbe tu, kifunge pamoja na cha kati kwa utepe, kipumzishe, na mpaka kitakapokuwa hakiumi ukibonyezwa fanya zoezi la kutamka «mbele» na «nyuma» na zoezi la hatua kando ya kifuu, ambayo yote mawili hayamhitaji mtu kugusa mpira. Utakaporudi, usivae glavu za kuazima zilizokuwa kubwa kwako. Chomeka kidole cha shahada ndani na ukikute kinafika mwisho, na upande wa mbele wa kidole hicho katika glavu ya mkono wa kulia uwe na ganda gumu, si sponji peke yake.